Sura ya Nne: Maziwa ya Mbuzi Mwaka wa Ukame

Mwishoni mwa Oktoba 1886, kijana wa miaka 28 aliingia katika kanisa la Saint-Augustin jijini Paris, akamwendea padre aliyekuwa kwenye kiti cha maungamo. Hakwenda kuungama. Alikuwa na maswali juu ya Mungu, naye alitaka mtu msomi amfundishe dini, wakae wajadiliane, apime hoja moja baada ya nyingine. Padre Henri Huvelin alimsikiliza, kisha akamwambia apige magoti aungame dhambi zake. Kijana akasema hilo silo lililomleta. Padre akarudia lile lile. Charles de Foucauld akapiga magoti. Alipomaliza, Huvelin alimwuliza kama alikuwa amekula chochote asubuhi ile. Hakuwa amekula. Basi akamtuma hapo hapo akapokee Komunyo.

Wahubiri wanakipenda kisa hiki, nacho kinastahili kupendwa. Ila kikisimuliwa peke yake kinapotosha, kwa sababu kinatufanya tuamini kwamba kujikabidhi kwa Mungu ni jambo la asubuhi moja: unapiga magoti, unatokwa machozi, unainuka mtu mpya. Kwa Foucauld haikuwa hivyo. Magoti ya Paris yalifungua mlango tu. Ilimchukua zaidi ya miaka 20, yote ya sala, mafungo na ufukara mkali, kuifikia siku ambayo hakuwa na kitu cha kumpa Mungu wala mwanadamu, akabaki kulishwa kama mtoto. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya niandike sura hii.

Alizaliwa Strasbourg tarehe 15 Septemba 1858 katika ukoo wa makabaila. Kabla hajatimiza miaka sita alikuwa ameshafiwa na mama na baba, akalelewa na babu yake mzaa mama. Imani ilimtoka akiwa bado shuleni. Jeshini aliingia na urithi mkubwa, akautapanya kwa vyakula, mvinyo na karamu, na katika chuo cha wapanda farasi cha Saumur alimaliza wa mwisho darasani. Baadaye aliacha jeshi, akajivika mavazi ya Kiyahudi, na kuanzia Juni 1883 hadi Mei 1884 akaipita Moroko, nchi ambayo wakati huo Mkristo hakuweza kuizunguka waziwazi, akiongozwa na rabi Mordechai Aby Serour. Safari ile ilimletea medali ya dhahabu ya Chama cha Jiografia cha Paris. Ilimletea pia fadhaa asiyoitarajia. Aliona watu wakiacha biashara na mazungumzo yao na kumsujudia Mungu mchana kweupe, bila haya. Msomaji wa Mombasa au Kilwa, aliyelala na kuamka na adhana tangu utotoni, huenda asishangae. Foucauld alishtuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliona kwamba kuna kitu kikubwa kuliko yale inayoyashughulikia dunia yake. Ndivyo Waislamu walivyomrudisha kwenye njia ya Kanisa lake, na hilo hakulisahau.

Baada ya uongofu alitaka kutoa vyote mara moja. Huvelin, aliyekuwa baba yake wa kiroho, alimzuia kwa miaka mitatu na zaidi. Katika mahubiri yake padre huyo alikuwa amesema jambo lililomchoma Foucauld kwa maisha yake yote: kwamba Yesu alichukua nafasi ya mwisho kabisa, kiasi kwamba hakuna mtu awezaye kumnyang'anya. Kijana aliyezoea viti vya mbele aliondoka na shauku moja. Aliitaka nafasi ya mwisho, au ile iliyo jirani nayo kabisa.

Januari 1890 aliingia monasteri ya Watrapisti ya Notre-Dame des Neiges, kwenye milima ya Ardèche. Wenzake walimwona mtawa wa mfano. Yeye aliona bado hajashuka vya kutosha, akaomba kupelekwa kwenye nyumba maskini zaidi, huko Akbès, Siria. Huko siku moja alitumwa kukesha na kusali katika nyumba ya kibarua Mkatoliki aliyefariki jirani na monasteri. Alipoingia aliona jinsi familia ile ilivyoishi, akailinganisha na chumba chake, mkate wake wa uhakika na paa lake lisilovuja. Watawa walikuwa na nadhiri ya ufukara, lakini maskini wa kweli alikuwa kibarua yule. Tangu siku hiyo utrapisti ulimbana. Akaandika kanuni ya shirika jipya, kali mno, akampelekea Huvelin. Padre alimjibu kwamba kanuni ile haitekelezeki na kwamba imemtia hofu.

Mwaka 1897 wakuu wake walimruhusu kuondoka, naye akaenda Nazareti, akapata kazi ya utumishi kwa masista Waklara. Kwa miaka mitatu aliishi kwenye kibanda cha mbao nje ya uzio wa monasteri, kibanda kilichokuwa cha kuwekea vifaa. Alitumika sakristiani, akatumwa posta, akafanya kazi za bustanini. Alivaa nguo za ajabu ajabu, na watoto wa mji walimzomea na kumtupia mawe. Saa zilizobaki alizitumia mbele ya Sakramenti Takatifu au akiandika tafakuri za Injili, kurasa kwa mamia.

Vitabu vingi vya kiroho huifanya Nazareti kilele cha unyenyekevu wake. Mimi siamini hivyo. Tazama hatua zake zote tangu mwaka 1890: Watrapisti ni yeye aliyewachagua. Akbès aliiomba. Kutoka Akbès aliomba. Nazareti aliichagua, na hata nguo za kuchekwa alizichagua mwenyewe. Alishuka ngazi moja baada ya nyingine kwa uhodari ule ule ambao angepandia vyeo jeshini, akishika mwenyewe kipimo cha kujua ameshuka kiasi gani. Upendo wake kwa Yesu ulikuwa wa kweli, sina shaka nalo. Lakini mtu anayejichagulia unyonge wake bado ni bwana wa nyumba. Anaamua chumba gani atalala, na kesho anaweza kuamua kingine.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba aliliona jambo hili karne tatu kabla. Katika mafundisho yake juu ya usiku wa roho anawaonya wanaoanza njia ya taamuli wasiyapende mafungo na mateso waliyojitungia wenyewe, kwa kuwa ndani ya ukali huo nafsi hujilisha matakwa yake ikidhani inajinyima. Anautofautisha usiku ambao mtu anauingia kwa juhudi zake, akisaidiwa na neema, na usiku ule ambao Mungu mwenyewe anamtia mtu ndani yake. Wa kwanza ni wa lazima. Haufiki mbali, hata hivyo, kwa sababu mkono unaosafisha ndio huo huo wenye uchafu. Katika usiku wa pili mtu hachagui anyang'anywe nini. Foucauld alimsoma Yohane wa Msalaba na Teresa wa Avila kwa bidii. Kuyajua hayo kitabuni, kama wengi wetu tunavyojua, si kuyapitia.

Tarehe 9 Juni 1901 alipadrishwa Viviers. Kwa muda mrefu aliukwepa upadre, akiuona cheo kisichofaa kwa mtu wa nafasi ya mwisho, na mama mkuu wa Waklara wa Yerusalemu ndiye aliyemsukuma. Mwaka huo huo alikwenda Béni Abbès, katika jangwa la Algeria karibu na mpaka wa Moroko, akajenga nyumba ndogo na kikanisa. Alitarajia kimya. Alipata msururu wa watu mlangoni kuanzia alfajiri: askari, wasafiri, wagonjwa, maskini na watumwa. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeshapiga marufuku utumwa kwenye makoloni yake, lakini maofisa wa oasisi waliuacha uendelee ili wasiwaudhi wakubwa wa huko. Foucauld alikusanya fedha akawakomboa watumwa kadhaa, na akaandika barua kali kwa wakubwa wake akisema hawana haki ya kunyamaza, kwamba wachungaji wasiwe walinzi walioacha kubweka. Mkuu wake wa kikanisa alikuwa Monsinyori Charles Guérin wa Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie ambalo watu wake walipita Bagamoyo mwaka 1878 wakielekea Tabora na Maziwa Makuu, na ambalo lilijua biashara ya watumwa kwa macho yake. Hata hivyo Guérin alimsihi awe na busara na apunguze sauti. Foucauld alitii, na utii huo ulimwuma.

Namweka msomaji kwenye habari hii ya utumwa kwa makusudi, kwa sababu neno kujikabidhi limetumika vibaya sana miongoni mwetu. Mama mjane anaporwa shamba na shemeji zake, na mtu anamwambia avumilie, yote ni mapenzi ya Mungu. Mtoto anakufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ipo, na msibani tunaambiana kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Huko ni kumsingizia Mungu. Foucauld aliyakabidhi maisha yake, akakabidhi afya yake na jina lake na matunda ya kazi yake. Hakukabidhi mgongo wa mtumwa. Hakuwa na haki ya kuutoa, kwa sababu haukuwa wake. Mtu hukabidhi kilicho chake, na wa kwanza kukabidhi ni mwenye nguvu, si aliyekanyagwa.

Agosti 1905 alihamia Tamanrasset, kwenye milima ya Hoggar, kijiji cha vibanda vichache mbali na kituo chochote cha jeshi au misheni. Watuareg walikuwa wenyeji wake, wakiongozwa na Moussa ag Amastan. Alianza kujifunza lugha yao, kukusanya mashairi yao na kuandaa kamusi. Alitumaini wenzake watakuja kuishi naye. Mmoja tu, bradha aliyeitwa Michel, alifunga naye safari ya jangwani mwishoni mwa mwaka 1906. Akaugua njiani, akarudi. Foucauld aliendelea peke yake.

Upweke huu ulikuwa na gharama ambayo Mkatoliki ataielewa haraka. Kwa sheria za Kanisa za wakati ule, padre hakuruhusiwa kuadhimisha Misa bila mtu wa kumtumikia na kuitikia. Tamanrasset hakukuwa na Mkristo mwingine. Mgeni Mkristo akipita kulikuwa na Misa, asipopita hakuna. Noeli ya mwaka 1907 ilipita bila Misa. Mtu huyu alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya Ekaristi, akilala karibu na tabenakulo na kuhesabu kila saa ya kuabudu. Alijiuliza kwa uchungu kama inampasa kurudi Béni Abbès ambako angeweza kuadhimisha, au kubaki na watu hawa ambao hakuna padre mwingine angekuja kwao. Alibaki. Uamuzi huu unanigusa kuliko kibanda cha Nazareti. Kule alitoa alichokuwa hakipendi tena, yaani heshima za dunia. Hapa aliachia kitu alichokipenda kuliko vyote, tena kitu kitakatifu.

Ukame nao ulikuwa umeshika. Kwa miezi 17 mvua haikunyesha Hoggar. Mbuzi walikauka maziwa, na mbuzi ndiye uhai wa maskini wa kule. Foucauld aligawa nafaka yake kwa watoto na akina mama mpaka akiba ikakaribia kwisha, huku yeye akila kidogo sana, bila nyama na bila kitu kibichi, na akifanya kazi ya kamusi kwa saa nyingi kila siku. Tarehe 20 Januari 1908 mwili ulikataa. Alishindwa kusimama. Pumzi ilimkatika kila alipojigeuza, na alidhani anakufa. Wengi wanaamini ulikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga.

Watuareg ndio waliomwokoa. Moussa na watu wa kijiji walitafuta kila mbuzi aliyekuwa bado na tone la maziwa, umbali wa kilomita nne kuzunguka kijiji, wakamletea. Hebu lione jambo hilo kwa karibu. Ni mwaka wa njaa. Mama ana mtoto, ana mbuzi mmoja mwenye maziwa yasiyojaza kikombe, na anayakamua kwa ajili ya mgeni mweupe wa dini nyingine, anayetoka katika taifa lililoitwaa nchi yake kwa bunduki. Mgeni huyo alikuja kutoa: dawa, nafaka, mafundisho, mfano mwema, hata nafsi yake. Sasa amelala sakafuni na hawezi kutoa chochote. Hana Misa, na hana Mtuareg hata mmoja aliyeongoka ambaye angewaonyesha wakuu wake. Kinywa chake kinafunguliwa na watu aliodhani amekuja kuwaokoa.

Hapo ndipo aliposhushwa mahali ambapo hakupachagua. Nafasi ya mwisho aliyoitafuta tangu Paris haikuwa kibandani wala kwenye nguo za kuchekwa. Ilikuwa nafasi ya anayepokea. Anayetoa, hata akitoa kwa machozi, bado yuko juu kidogo ya anayepewa. Sisi tunaofanya kazi za Kanisa tunalijua hili tukijichunguza vizuri. Katekista, mama wa jumuiya ndogo ndogo, padre wa parokia, sista wa zahanati, wote tumezoea kuwa upande wa mkono unaotoa. Tukiugua tunafunga mlango, tunasema si kitu, tutapona. Tunaona haya kuogeshwa. Na haya hiyo, ambayo huwa tunaiita ustaarabu, mara nyingi ni kiburi kilichobaki baada ya mafungo yetu yote.

Tarehe 31 Januari, akiwa bado dhaifu, alipata habari kwamba Papa Pius X amemruhusu kuadhimisha Misa peke yake. Alifurahi mno. Misa ile ilimrudia kama zawadi, wakati hata kikombe cha maji hakuweza kujichotea.

Baada ya ugonjwa ule anabadilika, ingawa si kwa siku moja. Katika barua zake anazidi kusema kwamba kazi yake ni kuandaa njia, na kwamba ni lazima kwanza kuwa rafiki na ndugu wa watu hawa ndipo mengine yafuate, pengine baada ya karne. Anatumia saa hata 11 kwa siku kwenye kamusi na mashairi, kazi ambayo haimwongoi mtu yeyote. Anaijali kwa sababu inawaheshimu wenye lugha hiyo. Kamusi ile ilikuja kuchapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, katika mabuku manne, na hadi leo wanaoichunguza lugha ya Watuareg wanaitegemea.

Nisimpambe kupita kiasi. Foucauld aliendelea kuwa Mfaransa wa zama zake. Aliamini utawala wa nchi yake ungewafaa Waafrika wa kaskazini, alikuwa rafiki wa maofisa kama Laperrine na aliwapa ushauri, na ngome aliyoijenga Tamanrasset wakati wa Vita Kuu ilihifadhi silaha za jeshi. Utakatifu haukumtoa katika karne yake. Teresa wa Avila alifundisha kwamba unyenyekevu ni kutembea katika ukweli, na ukweli wa Foucauld una sehemu hii pia. Wanaoificha wanamnyima kile alichokitafuta.

Sala ya kujikabidhi inayobeba jina lake husaliwa leo na watawa na walei wa nchi nyingi, na wengi wanakiri kwamba inawatisha. Aliiandika karibu na mwaka 1896, kule Akbès, na haikuwa sala yake mwenyewe. Alikuwa akitafakari Injili ya Luka, sura ya 23, pale Yesu anapoiweka roho yake mikononi mwa Baba, naye akajaribu kuandika yale ambayo Yesu angekuwa anamwambia Baba yake msalabani. Baadaye wengine waliifupisha ikawa hii tunayoijua. Asili hiyo inamsaidia anayeiogopa. Hakuna mwanadamu anayeweza kumaanisha maneno yale yote kwa nguvu zake. Yesu ndiye aliyeyamaanisha. Sisi tunaingia ndani ya sala yake kama mtoto anayeshika ncha ya kanzu ya baba njiani, na siku tusipoweza kutamka mstari mmojawapo, yeye hakomi kuusali.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916 mtu aliyekuwa akimfahamu aligonga mlango wa ngome akijifanya ameleta barua. Foucauld alifungua, akakamatwa na kundi la washambuliaji, akafungwa mikono. Kijana aliyewekwa kumlinda alipoona askari wawili wa ngamia wakikaribia, alishtuka akampiga risasi. Paul Embarek, mtumwa wa zamani aliyekombolewa Béni Abbès na aliyekaa naye miaka mingi, alishuhudia. Wiki kadhaa baadaye ofisa mmoja Mfaransa aliikuta monstransi yake mchangani, Ekaristi ikiwa bado ndani.

Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Siku aliyokufa hakuwa na mwenzake hata mmoja, na chama cha sala alichokianzisha Ufaransa hakikufikisha watu 50. Miaka 17 baadaye, mwaka 1933, René Voillaume na wenzake wanne walikwenda El Abiodh Sidi Cheikh, Algeria, kuanza shirika la Ndugu Wadogo wa Yesu. Mwaka 1939 Magdeleine Hutin akaanzisha Dada Wadogo wa Yesu huko Touggourt. Ndugu wale watano walianza kama wamonaki, ndani ya ua, wakijaribu kuyafuata maandishi ya Foucauld. Baada ya Vita ya Pili walitoka uani, wakagawanyika vikundi vya watu watatu watatu au wanne, wakapanga vyumba kwenye mitaa ya makabwela na kuajiriwa viwandani, migodini na kwenye mashua za wavuvi, wakiabudu Ekaristi kila siku baada ya kazi. Kanuni aliyoiandika Akbès kwa mkono wake, ile iliyomtia hofu Huvelin, hakuna mtu aliyewahi kuiishi kama ilivyoandikwa.